Kupima matumizi ya antibayotiki hospitalini: kutoka leja ya stoo hadi kikao cha asubuhi

Hospitali ya wilaya ina takwimu nyingi za dawa kuliko inavyodhani. Zimo kwenye leja ya stoo, kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kwenye chati za dawa zinazoning'inia vitandani na kwenye risiti za mhasibu. Jumla zake hupandishwa kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Lakini ukiuliza swali dogo tu, kwamba mwezi uliopita wodi ya wanaume ilitumia seftriaksoni kiasi gani na kwa magonjwa gani, hakuna mwenye jibu.

Mwongozo huu ni wa mfamasia, daktari au muuguzi anayetaka kulipata jibu hilo kwa vifaa vilivyopo: leja, kalamu, na kompyuta moja yenye programu ya majedwali. Tumechagua antibayotiki kwa sababu ndizo hutumika kwa wingi, na ndizo zinazoharibika mikononi mwetu, kwa maana kwamba vijidudu huzizoea. Njia yenyewe inafaa pia kwa dawa za maumivu au za presha. Watu wawili wakitenga saa mbili kwa siku, kazi ya mwezi mmoja wa takwimu huisha ndani ya wiki mbili hivi.

Hatua ya 1: Tafuta swali linalohesabika

"Je, tunatumia antibayotiki vizuri?" ni lawama tu iliyovaa alama ya kuuliza. Swali la kazi lina mahali, muda, kundi la watu na kitu cha kuhesabu. Kwa mfano: kati ya wanawake wote waliojifungua kwa upasuaji mwezi Juni, wangapi waliendelea kupewa antibayotiki zaidi ya saa 24 baada ya operesheni bila dalili ya maambukizi iliyoandikwa kwenye faili?

Swali hilo limechaguliwa makusudi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba dawa ya kinga kwa upasuaji huo itolewe kabla kisu hakijagusa ngozi, na isiendelezwe baada ya operesheni. Wodi nyingi bado humpa mama sindano siku tatu, kisha vidonge siku tano. Hapo kuna kitu cha kupima na kuna kitu cha kubadilisha, na swali likikosa kimojawapo liache.

Chagua swali moja. Mawili yakikushinda kuyaacha, andika la pili pembeni ulifanye mwezi unaofuata.

Hatua ya 2: Ruhusa na siri ya mgonjwa

Mwandikie Mganga Mfawidhi barua ya ukurasa mmoja: swali, mafaili utakayofungua, nani atayafungua, matokeo yatapelekwa wapi. Kama kazi ni ya kuboresha huduma ndani ya hospitali, barua hiyo na baraka ya Kamati ya Dawa na Tiba kwa kawaida hutosha. Ukitaka kuchapisha au kuwasilisha nje, kibali cha maadili ya utafiti kitafutwe kabla ya kufungua faili la kwanza; hakiombwi kwa kurudi nyuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Zote mbili huzipa taarifa za afya uzito wa pekee.

Kwa vitendo ni hivi. Kila mgonjwa anapewa namba ya kazi: 001, 002, 003. Orodha inayounganisha namba hizo na namba za mafaili inaandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, haiingii kwenye kompyuta. Andika umri kwa miaka, usiandike tarehe ya kuzaliwa. Jina la kijiji liache. Na usipige chati picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp "ili mwenzangu anisomee huu mwandiko". Mwandiko usiposomeka, mfuate aliyeuandika.

Hatua ya 3: Hesabu kiasi kilichotumika

Anza na leja. Kanuni yake ni hii: salio la mwanzo, ongeza kilichopokelewa, toa salio la mwisho, toa kilichohamishiwa kituo kingine, toa kilichoisha muda au kuvunjika. Kinachobaki ndicho kilichotumika.

Mfano wa seftriaksoni ya sindano, vichupa vya gramu 1, mwezi Juni. Mwanzo wa mwezi vilikuwapo 320. Vikapokelewa 600. Vikaazimwa na kituo cha afya jirani 50, vikatupwa 10 kwa kupitwa na muda, na tarehe 30 vikahesabiwa 380. Vilivyotumika ni 320 + 600 − 380 − 50 − 10 = 480, yaani gramu 480. Ukisahau vile 50 vya jirani, wodi yako itaonekana imekula dawa ambayo haikuiona.

Salio la mwisho liwe la kuhesabu kwa mkono siku hiyo hiyo. Leja isipolingana na shubaka, andika tofauti hiyo kama ilivyo, usiirekebishe kimya kimya. Tofauti yenyewe ni taarifa.

Sasa, gramu 480 za seftriaksoni huwezi kuzilinganisha na gramu 480 za jentamisini, kwa sababu dozi zao hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana WHO imeweka kipimo cha pamoja kinachojulikana kama DDD: wastani wa dozi ya siku moja kwa mtu mzima, dawa inapotumika kwa kazi yake kuu. Baadhi ya hizo ni hizi (kwenye mabano ni msimbo wa dawa katika orodha ya WHO):

Seftriaksoni ya sindano (J01DD04): gramu 2
Amoksilini ya kumeza (J01CA04): gramu 1.5
Ampisilini ya sindano (J01CA01): gramu 6
Jentamisini ya sindano (J01GB03): gramu 0.24
Metronidazoli ya sindano (J01XD01): gramu 1.5
Metronidazoli ya kumeza (P01AB01): gramu 2
Siprofloksasini ya kumeza (J01MA02): gramu 1
Doksisaiklini ya kumeza (J01AA02): gramu 0.1

Gramu 480 ukigawa kwa 2 unapata DDD 240. Bado haijatosha, kwa sababu hospitali yenye wagonjwa wengi itatumia dawa nyingi hata kama inatumia kwa busara. Gawa kwa siku za kitanda. Chukua idadi ya wagonjwa waliolala kila usiku kwenye ripoti ya wauguzi, jumlisha usiku zote za mwezi. Ikiwa Juni ilikuwa na jumla ya 1,500, basi 240 ÷ 1,500 × 100 = DDD 16 kwa kila siku 100 za kitanda. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha Juni na Julai, au wodi na wodi.

Makosa ya hapa yanajirudia mno, kwa hiyo tuyakalie kidogo.

La kwanza ni kuhesabu vitanda badala ya watu. Wodi ya wazazi yenye vitanda 20 inaweza kulaza wanawake 31, na siku za kitanda ni 31.

La pili ni ujazo. Seftriaksoni huja pia katika vichupa vya miligramu 250, na vinne ndivyo gramu moja. Leja ikiandika "vichupa 200" bila ujazo, rudi kwenye hati ya kupokelea mzigo.

La tatu ni kuchanganya wagonjwa wa nje na waliolazwa. Vidonge vingi vya amoksilini hupita dirisha la dawa kwenda nyumbani. Ukivigawa kwa siku za kitanda unapata namba ya kutisha isiyo na maana. Vya nje vigawe kwa mahudhurio, kwa kila wagonjwa 1,000.

La nne linawanasa hata wazoefu: DDD hubadilishwa. Amoksilini ilikuwa gramu 1 hadi WHO ilipoipandisha kuwa 1.5 mwaka 2019. Vidonge 3,000 vya miligramu 250 ni gramu 750. Kwa kipimo cha zamani ni DDD 750, kwa kipya ni 500. Mtu akiweka ripoti ya 2018 kando ya ya leo atatangaza kwamba matumizi yameshuka kwa theluthi, kumbe hakuna kidonge kilichopungua. Andika juu ya jedwali umetumia DDD za mwaka gani, na za zamani zihesabu upya.

La tano: DDD ni ya mtu mzima. Wodi ya watoto usiipime kwa njia hii. Huko hesabu siku za tiba, yaani mtoto aliyepata ampisilini na jentamisini kwa siku 5 ana siku 10 za tiba, 5 kwa kila dawa.

Hatua ya 4: Ziweke kwenye makundi

WHO inagawa antibayotiki katika makundi matatu ya AWaRe (Access, Watch, Reserve), mpango ulioanza 2017. Kuna zinazofikika kwa wote, ambazo ndizo za kuanza nazo (amoksilini, ampisilini, jentamisini, doksisaiklini, metronidazoli, kotrimoksazoli). Kuna za kuchungwa, zinazochochea usugu haraka zaidi (seftriaksoni, siprofloksasini, azithromisini, meropenemu). Na kuna za akiba, kama kolistini na linezolidi, za kuokoa maisha pale nyingine zote zinaposhindwa. Nje ya makundi hayo kuna orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa kabisa, na mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, kapsuli maarufu ya rangi mbili inayouzwa kila duka la dawa, umo humo.

Tuseme Juni wodi za watu wazima zilitumia DDD 240 za seftriaksoni, 20 za siprofloksasini, 100 za metronidazoli, 50 za jentamisini na 30 za ampisilini. Jumla 440. Za kundi la kwanza ni 180, sawa na asilimia 41.

Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki za binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Lengo hilo ni la matumizi yote, pamoja na zahanati na maduka ya dawa. Usiitumie 70 kama fimbo ya kuichapia wodi ya wagonjwa mahututi. Lakini kama hata dirisha la wagonjwa wa nje halifiki hapo, mazungumzo yaanze.

Tahadhari mbili. Metronidazoli ya kumeza ina msimbo wa P01, si J01 kama antibayotiki nyingine, kwa hiyo ukichuja jedwali kwa J01 peke yake itatoweka bila kukuaga. Na ile ampisilini ya DDD 30 ni gramu 180, yaani vichupa 360 vya miligramu 500. Muuguzi aliyevifungua vyote hivyo hatakuamini ukimwambia ampisilini ilitumika kidogo, naye ana haki yake. Onyesha idadi ya vichupa kando ya DDD.

Hatua ya 5: Fungua mafaili

Leja inakuambia ni kiasi gani. Ni kwa nini, faili ndilo linalojua.

Kwa kituo kimoja, mwongozo wa WHO wa mwaka 1993 kuhusu kuchunguza matumizi ya dawa ulipendekeza mahudhurio yasiyopungua 100. Kwa utafiti wa eneo, vituo 20 na mahudhurio 30 kwa kila kimoja, jumla 600. Namba hizo bado ni nzuri kuanzia. Kama wodi ina wagonjwa chini ya 100 kwa mwezi, chukua wote.

Kwa wagonjwa wa nje tumia kuruka kwa hatua sawa. Kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, kikiwa na mahudhurio 1,240, gawa kwa 100, unapata 12. Andika namba 1 hadi 12 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja. Ukipata 7, chukua mstari wa 7, wa 19, wa 31, hivyo hivyo hadi mwisho. Usichukue "mia wa mwisho". Wiki ya mwisho inaweza kuwa ya mvua na vifua, au ya daktari mmoja wa zamu.

Faili lisipopatikana, andika "halikupatikana" na uhesabu yako mangapi. Mara nyingi yanayokosekana ni ya waliofariki na waliopewa rufaa, yaani wale hasa ambao dawa yao ilitakiwa kuangaliwa. Ukiyajazia na mafaili yanayopatikana kirahisi, unapima wagonjwa waliopona.

Safu za jedwali: namba ya kazi, umri, uzito, jinsia, wodi, tarehe ya kulazwa, sababu ya dawa kama ilivyoandikwa, dawa, dozi kwa miligramu, njia, mara ngapi kwa siku, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, dozi zilizosainiwa, kipimo cha kuotesha vijidudu (kiliagizwa? kilirudi?), na mzio.

Safu ya sababu ndiyo hutesa. Nakili neno kwa neno. Daktari akiandika "UTI", andika "UTI", kisha kwenye safu nyingine andika kama mkojo ulipimwa. Asipoandika kitu, andika "haikuandikwa". Usimsaidie kwa kukisia kutokana na dawa aliyotoa, maana hapo unazunguka: dawa inathibitisha ugonjwa, ugonjwa unahalalisha dawa.

Dozi ya mtoto iwe kwa miligramu kila mara. "Kijiko kimoja kutwa mara tatu" cha amoksilini kinaweza kuwa miligramu 125 au 250, kutegemea chupa.

Tazama ukurasa mmoja wa chati ulivyo. Umeandikwa seftriaksoni gramu 1, mara mbili kwa siku, siku 5. Risiti inaonyesha vichupa 10 vimelipiwa. Kwenye viboksi vya saini za wauguzi kuna saini 7. Viboksi vitatu vya saa nne usiku viko wazi. Je, mgonjwa huyu alipata dozi ngapi? Kwa daktari 10, kwa mhasibu 10, kwa mshipa wake labda 7. Zitunze zote tatu kwenye safu tofauti, kwa sababu kila moja ina mwenyewe na kila moja ina tatizo lake. Halafu rudi nyuma uulize kwa nini mara mbili. Nusu ya seftriaksoni hukaa mwilini kwa takriban saa 8, na kwa maambukizi mengi ya mtu mzima hutolewa mara moja kwa siku. Kila baada ya saa 12 ni kwa hali kama homa ya uti wa mgongo. Dozi ya saa nne usiku, ile isiyosainiwa, pengine haikuhitajika tangu mwanzo.

Kabla ya kwenda mbali, wasomaji wawili wasome mafaili 20 yale yale bila kuambizana. Wakitofautiana kwenye zaidi ya matatu, maelezo ya safu hayaeleweki. Yarekebisheni kwanza.

Hatua ya 6: Safisha jedwali

Tarehe ziandikwe 2025-06-07. Ukiandika 07/06, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma 6 Julai, na mgonjwa atakuwa ameacha dawa kabla hajaanza. Majina ya dawa yachaguliwe kwenye orodha, yasichapwe; tofauti na hapo utakuwa na "ceft", "cefri", "inj. ceftriaxone" na "ceftriaxon" kama dawa nne. Kisha panga kila safu kutoka ndogo hadi kubwa uangalie mwanzo na mwisho: uzito wa kilo 700, dozi ya miligramu 1 badala ya gramu 1. Usifute. Rudi kwenye faili, sahihisha, na uandike pembeni ulichobadilisha. Nakala ya kwanza ya jedwali ibaki haijaguswa.

Hatua ya 7: Soma namba kwa uangalifu

Wodi yenye wagonjwa 8 haina asilimia, ina watu. Andika "5 kati ya 8".

Hili si suala la adabu ya hesabu tu. Mwaka 2018 utafiti wa Tsepamo nchini Botswana, unaofuatilia watoto wanaozaliwa, uliona kasoro za mrija wa neva, yaani za ubongo na uti wa mgongo, kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dolutegraviri, dawa ya VVU, wakati wa kushika mimba. Hiyo ni karibu asilimia 0.94, na nchi nyingi zikawazuilia wanawake dawa hiyo. Watafiti hawakuacha kuhesabu. Mwaka 2019 walikuwa na 5 kati ya 1,683, asilimia 0.30, na WHO ikaipendekeza kama chaguo la kwanza kwa wote. Mtoto mmoja tu aliongezeka juu. Chini waliongezeka zaidi ya 1,200. Tahadhari ya kwanza ilikuwa halali, na kilichoirekebisha ni kuendelea kuhesabu kwa njia ile ile.

Kisha angalia stoo. Matumizi ya seftriaksoni yakishuka nusu mwezi Agosti, kabla ya kupongezana tazama ni siku ngapi haikuwepo. Weka safu ya siku za kukosekana kwa kila dawa. Na ukiona siprofloksasini imepanda mwezi huo huo, umeshapata maelezo.

Mafaili yatakuonyesha pia madhara ya dawa ambayo hakuna aliyeyaripoti: vipele baada ya kotrimoksazoli, figo zilizopungua nguvu baada ya jentamisini. Jaza fomu ya njano na uitume, kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ukiwa Tanzania, kwa Bodi ya Famasia na Sumu ukiwa Kenya. Vinavyohitajika ili ripoti ipokelewe ni vinne: mgonjwa anayetambulika kwa herufi za mwanzo au umri, mtoa ripoti, dawa, na tukio. Ongeza namba ya toleo na tarehe dalili zilipoanza. Huhitaji uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Ripoti za taifa huingia kwenye hazina ya dunia iliyoko Uppsala, Uswidi, na huko ndiko onyo jipya kwenye kikaratasi cha dawa huweza kuanzia.

Hatua ya 8: Zipeleke kwenye kikao

Ukurasa mmoja, mchoro mmoja, dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi. Usitaje jina la daktari wala zamu yake. Ukimwaibisha mmoja leo, mwezi ujao safu ya sababu itajazwa "sepsis" (maambukizi makali ya mwili mzima) kwa kila mgonjwa, na takwimu zako zitakuwa zimekufa.

Onyesha namba, kisha nyamaza usikilize. Pengine dawa ya kinga huendelezwa siku tatu kwa sababu maji hukatika wodini na watu wanaogopa vidonda kuoza. Hilo leja haikuweza kukuambia, na dawa yake ni ndoo yenye koki na sabuni.

Kubalianeni badiliko moja linaloonekana: kwa mfano, dozi ya kinga iandikwe kwenye fomu ya chumba cha upasuaji, na dozi yoyote ya baadaye ihitaji sababu na saini. Siku hiyo hiyo chagueni kipimo cha ulinzi, yaani idadi ya vidonda vilivyooza ndani ya siku 30. Kwa kuwa mama wengi hurudi zahanati ya kijijini na si kwenu, pateni namba ya simu yake kwa ridhaa yake, apigiwe siku ya 7, ya 14 na ya 30.

Pimeni tena baada ya miezi mitatu kwa swali lile lile, safu zile zile na DDD za mwaka ule ule. Msomaji wa mafaili akibadilika, arudie kwanza yale mafaili 20.